Mwaka wa Zimamoto Mombasa: Upepo, Bamvua na Pikipiki Ukumbini

Lawama tunayoisikia kuliko zote ni hii: “Gari limekuja bila maji.” Utaisikia Kisauni, utaisikia Changamwe, na ikifika jioni imeshaenea kwenye WhatsApp pamoja na picha ya gari letu likiondoka huku nyumba bado inafuka moshi. Mimi ni mzimamoto hapa Mombasa. Nimeshika mpira wa maji miaka mingi na siku hizi nafundisha vijana wanaoingia kazini, na kabla ya jambo lingine lolote nataka tupige hesabu hiyo pamoja.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja uliofunguliwa sawasawa hutoa kama lita 500 kwa dakika. Dakika 10, tangi kavu. Fungua mipira miwili, dakika 5. Gari unaloliona likigeuza, mara nyingi lilikuja limejaa, likamwaga, na sasa linakwenda kuteka. Pa kuteka ndipo penye taabu.

Kuna haidranti za barabarani, yaani mabomba ambayo magari ya zimamoto hutekea maji. Baadhi zimefukiwa na lami, nyingine zimejengewa kibanda juu, na hata iliyo wazi inategemea siku ya mgao. Mombasa haina mto wake wa kunywa. Maji yetu yanatoka Mzima huko Taita Taveta, Baricho huko Kilifi, Marere na Tiwi huko Kwale. Siku mfereji wa kwenu umekauka, haidranti ya mtaa wenu nayo imekauka.

“Na bahari si hii hapa?” Naulizwa hivyo kila ninapokwenda kufundisha, na swali ni zuri. Bahari tunaweza kuitumia, lakini ina masharti yake. Ukifyonza dafu kwa mrija, unatoa hewa mrijani, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pampu yetu hufanya vivyo hivyo. Uzito huo wa hewa hauwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata ukinunua pampu ya bei gani, na kwa pampu ya kazi, yenye viungo na chujio, tunahesabu kama mita 7 tu. Sasa tia bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, katika hesabu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu inakaribia mita 4. Gari lililoegeshwa ukingoni maji yakiwa yamejaa linafyonza bila wasiwasi. Zikipita saa sita, mahali pale pale, maji yameshuka mpaka mwisho wa uwezo wa pampu, au yameondoka kabisa na kuacha tope na mizizi ya mikoko. Ukifyonza tope, umeua pampu. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu kwamba mkuu wa zamu asiyejua leo mwezi wa angani una siku ngapi hajawa mkuu wa zamu. Siku za maji mafu tuna nafuu, kwa sababu hayajai sana wala hayapwi sana.

Halafu kuna chumvi. Tukishatumia maji ya bahari, pampu na mipira lazima vioshwe kwa maji matamu usiku huo huo, hata kama watu wamechoka hawajiwezi, la sivyo kutu inaanza kazi yake. Maji ya chumvi pia hupitisha stima vizuri kuliko maji matamu. Kwa hiyo ukituona tumesimama na mpira mkononi na moto unawaka mbele yetu, huenda tunasubiri nyaya zikatwe. Najua inavyouma kumwona mtu wa zimamoto amesimama. Wengine huokota mawe.

Kalenda iliyotundikwa ukutani kituoni inaanza Januari, lakini kazi yetu inafuata pepo za msimu. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali, mvua hakuna, na makuti yanakauka hadi yanalia ukiyagusa. Huo ndio wakati hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zimejaa wageni, majiko ya nyama yanawaka ufukweni, na fataki za mwaka mpya zinarushwa juu ya mapaa. Paa la makuti likishika moto pana dakika chache tu za kuliokoa, na kwa kawaida zimekwisha kabla hatujafika. Tunachofanya hapo huwakasirisha watu: tunalimwagia maji paa la jirani ambalo bado zima. Mwenye nyumba inayoungua anapiga kelele, “Mnamwaga wapi?” Lakini cheche za makuti huruka na upepo na kutua paa la tatu, la nne, na usipolowesha huko mbele utakuwa unaufukuza moto usiku kucha. Kuna dawa za kupaka makuti yasishike moto upesi. Ni nzuri, ila mvua za masika huziosha, na mwenye hoteli aliyepaka mara moja miaka mitano iliyopita akanionesha risiti, risiti hiyo haizimi kitu.

Mji wa Kale una shida ya aina nyingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa haziwaki, lakini boriti za mikoko zilizobeba sakafu zinawaka, na roshani za mbao zinawaka. Boriti zikiungua, sakafu inaporomoka na kuta hazina tena kinachozifunga pamoja. Mzimamoto asiyejua nyumba hizo anaweza kuingia chini huku juu panaliwa na moto. Gari haliingii vichochoroni, basi linabaki Ndia Kuu au upande wa Fort Jesus, na sisi tunakokota mipira kwa mikono, kipande kwa kipande. Kila kipande unachoongeza kinapunguza nguvu ya maji mwishoni. Hilo nalo huonekana kwa watu kama uvivu.

Lakini mkiniuliza ni nyumba gani inayoninyima usingizi, nitasema nyumba ya Kiswahili ya kupangisha, ya Majengo au Likoni au popote. Mnaijua: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma, paa moja la mabati. Katika nyingi, kuta za vyumba haziendi mpaka paani. Huko juu ni uwazi mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Moto ukianzia chumba cha kwanza, kwa tandiko lililoegemea soketi iliyochomekwa vifaa vitano, moshi hupanda, hupita juu ya kuta na kushuka kwenye kila chumba kabla mtu wa chumba cha mwisho hajasikia harufu. Hapo watu wanakimbilia ukumbini. Na ukumbini kuna nini? Majiko, mitungi ya maji, ndoo za nguo, na pikipiki. Pikipiki ndiyo mbaya zaidi. Kijana wa bodaboda anaiingiza ndani usiku isiibiwe, anaiegesha mlangoni kwa sababu ndipo penye nafasi, na tangi lake lina petroli. Simlaumu, ile ndiyo riziki yake. Ila nimewaomba wenye nyumba wengi waweke cheni na chuma cha kufungia pikipiki nje ukutani. Chuma na kufuli si gharama kubwa, na nafuu yake kwa wapangaji ni kubwa kuliko mtungi wa kuzimia moto ambao hakuna aliyewahi kuufungua.

Ramadhani huja mapema kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo inapita misimu yote, ila saa yake ni moja: Alasiri kuelekea Magharibi. Kila jiko lina karai la mafuta, mpishi ana njaa na haraka, na mtoto anaitwa atoe sahani. Mafuta yakishika moto, mkono wa kila mtu unakwenda kwenye maji. Usithubutu. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inakuwa kama lita 1,700. Mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni mwako. Zima jiko, chukua kifuniko au sinia, telezesha juu ya karai kuanzia upande wako, uache. Usifunue kuangalia. Kina mama wa chama kimoja walinibishia kwamba kifuniko kitaungua, tukajaribu uani na karai kuukuu. Kilitoka cheusi, kikasuguliwa, kikarudi jikoni.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya kitanda. Haina harufu yake ya asili. Ile unayoinusa imetiwa makusudi ili ujue. Ukiinusa, usiwashe taa wala usizime, maana swichi hutoa cheche kote kuwili. Funga valvu, fungua milango, toka nje, kisha ndipo upige simu. Na kama mtungi unawaka kwenye mdomo na valvu haifikiki, usiuzime mwali kwa nguvu gesi ikiendelea kutoka. Gesi inayowaka unaiona. Ile isiyowaka inakwenda kumtafuta jirani mwenye jiko la makaa.

Masika yakiingia, moto unapungua na sisi hatupumziki: miti iliyoanguka, kuta zilizolowa, nyumba zilizoingiliwa na maji. Ni msimu ambao nguzo ya stima iliyoinama ni hatari kuliko jiko.

Kazi ya visima haina msimu, na sitaipita haraka kwa sababu watu bado wanakufa. Kisima kimepungua, mtu anateremsha pampu ya petroli hadi karibu na maji ili ivute vizuri. Moshi wa injini haupandi ukatoka, unabaki shimoni, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anashuka kuangalia pampu, anaanguka. Ndugu yake anamwona, anashuka kumtoa, anaanguka. Wazee wanateremsha mshumaa kupima hewa. Mshumaa utakuonesha kama hewa ya kupumua imekwisha, lakini kuhusu huo moshi hautakwambia kitu, na penye mvuke wa petroli mshumaa wenyewe ni balaa. Sisi tunashuka na mtungi wa hewa mgongoni, kamba kiunoni, na watu juu. Pampu iache juu. Na kama mtu ameshaanguka, jambo gumu kuliko yote ni kumzuia kaka yake, lakini mzuieni, hata kwa kumkamata.

Kufundisha na kukagua kunakula siku nyingi zaidi kuliko kuzima. Tangu Katiba ya 2010 huduma za zimamoto ni kazi ya kaunti, ingawa bandari na uwanja wa ndege vina vikosi vyao, na moto wa mafuta upande wa Shimanzi, kwenye matangi ya mafuta, haungoji kuulizwa ni wa nani. Tunakagua maduka, maghala, kumbi za harusi, shule. Mwenye biashara hunionesha mitungi myekundu iliyotundikwa kwa mpangilio mzuri, nami nauliza mlango wa nyuma uko wapi na ufunguo anao nani. Shule za bweni nazikagua bila mzaha. Machi 1998, moto wa bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, jirani zetu Kwale, uliua wasichana 26. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Hata hivyo bado nakutana na walimu wakuu wanaoniambia vyuma ni kwa ajili ya wezi. Hapo huwa sina adabu sana.

Watoto wadogo wa chekechea na madrasa nawafundisha kitu kimoja kisichotarajiwa. Navaa barakoa, mtungi na kofia mbele yao, navuta pumzi ile yenye mlio wa kutisha, kisha naivua wanione uso. Nyumba ikijaa moshi, mtoto anayekiona kitu kama hicho kinakuja hujificha chini ya kitanda na kunyamaza. Tarehe 4 Mei, Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, ni nafasi nyingine nzuri ya kufanya hivyo, ingawa wenyewe wanachotaka ni kupiga king'ora.

Mwisho, simu. Piga 999 au 112, na ukijibiwa usiseme “Majengo” ukakata. Kuna Majengo kisiwani na kuna Majengo Mapya ng'ambo ya Likoni, na kati yake kuna kivuko cha feri. Gari likitumwa upande usio wake, litazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu au lipange foleni ya feri. Taja msikiti au shule iliyo karibu, sema kinachoungua ni nini, na kama kuna mtu ndani sema yuko chumba gani. Kisha kijana mmoja atoke hadi barabarani kwenye lami atusubiri, atuoneshe kichochoro cha kuingilia, na wengine waondoe mikokoteni na magari njiani kabla hatujafika.