Kuhama programu hakusafishi sauti

Kwenye studio ndogo za Mombasa, Majengo hadi Likoni, husemwa sana kuhusu programu za kurekodi na kutengeneza muziki: "Achana na FL Studio, Cubase ina sauti nzito." Si kweli. Zote hujumlisha namba zilezile.

Jipimie. Weka faili ileile ya WAV kwenye programu mbili, bila plagini (vifaa vya ziada vya kubadili sauti), kiwango sawa. Toa miksi mbili za biti 24, zipange zianze pamoja, kisha geuza polariti ya moja (mawimbi yake yageuke juu chini, yafute ya mwenzake) na uzicheze pamoja. Pakiwa kimya, hakuna tofauti. Pasipokuwa kimya, mara nyingi chanzo ni kanuni ya pani, yaani ya kugawa sauti kushoto na kulia: programu moja hushusha sauti ya katikati kwa desibeli (dB) 3, nyingine haishushi. Sikio nalo hupenda iliyo juu kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Kinachochafua rekodi ni feni, tuktuk za nje na chumba cha vigae chenye mwangwi. Zima feni, tundika godoro nyuma ya mwimbaji (ndiko maikrofoni inakotazama), mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, kilele cha sauti kisipite dB -10.

Sababu halali za kuhama zipo. FL Studio ya zamani ya toleo la Fruity, kwa mfano, hairekodi sauti kwenye mpangilio wa wimbo. Reaper, programu nyingine, hurekodi, na majaribio ni siku 60. Lakini mradi wako wa FL Studio hautafunguka ndani ya Reaper. Toa kila traki kuanzia sekunde sifuri, nakala kavu (isiyo na efekti) na yenye efekti, MIDI (maelezo ya noti zilizopigwa) kando, na uandike tempo. Traki iliyotolewa kuanzia mwimbaji anapoingia haitakaa mahali pake.