Akaunti ya Msimamizi wa Tovuti: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyozoeleka katika ofisi ndogo za Nairobi, iwe ni sacco, shule ya kibinafsi au duka la Luthuli Avenue, ni kwamba akaunti moja ya msimamizi ikitumiwa na wafanyakazi wote, kazi huenda haraka. Ukweli ni kwamba historia ya mabadiliko huonyesha jina la akaunti pekee; kwa hiyo ukurasa wa karo ukichezewa usiku, wote wanaojua nenosiri hilo hushukiwa, na asiye na hatia hana namna ya kujitetea. Mmoja wao akiacha kazi, haiwezekani kumwondoa peke yake bila kubadilisha nenosiri la wote, jambo ambalo, kwa niliyoyaona, huahirishwa hadi likasahaulika. Dhuluma hiyo huepukika kwa kumfungulia kila mtu akaunti yake.

Wengine huamini kwamba anayeandika habari za tovuti hawezi kufanya kazi bila kuwa msimamizi. WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti, ina ngazi 5 za kawaida za watumiaji, msimamizi akiwa wa juu: mchangiaji huandika akasubiri idhini, mwandishi huchapisha makala yake mwenyewe, mhariri hushughulikia hata ya wenzake, na mfuatiliaji husoma tu. Msimamizi ndiye awezaye kuongeza programu-jalizi, yaani kipande cha programu cha nyongeza, nayo ni msimbo unaotekelezwa kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. Mwizi wa akaunti hiyo anaweza kupachika njia ya siri itakayobaki wazi hata baada ya nenosiri kubadilishwa.

Kufuta akaunti ya aliyeondoka si lazima kufute makala yake, kwani mfumo huuliza kwanza kama yahamishiwe kwa mtumiaji mwingine.

Wapo pia wanaosema tovuti yao ni ndogo mno kuvutia wadukuzi. Programu zinazojaribu manenosiri mchana na usiku hazichagui ukubwa, wala Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimwondolei mwenye tovuti ndogo wajibu wa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba taarifa za watu zimevuja na zinaweza kuwadhuru.

Linalonisikitisha zaidi ni mwenye tovuti kumwachia fundi usimamizi wote. Mwenyewe awe na akaunti yake ya msimamizi, iliyosajiliwa kwa barua pepe anayoimiliki, na ya fundi ishushwe ngazi mara kazi inapokwisha.