Kurudi kuwinda ayala milimani baada ya mshtuko wa moyo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya wagonjwa wa moyo katika Nyanda za Juu za Uskoti, na wagonjwa wangu wawindaji huniuliza swali moja hata kabla hawajamaliza wiki ya kwanza nyumbani: nitarudi mlimani lini? Nilikuwa nikiwajibu kwa utulivu wa mtu ambaye jambo halijamfika, mpaka mimi mwenyewe nilipopata mshtuko wa moyo nikiwa na umri wa miaka 54, nikazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti mbili, yaani vijibomba vya waya vinavyouweka mshipa wazi.

Mnyama tunayemwinda ninamwita ayala kwa sababu ndilo jina ambalo wasomaji wa Zaburi ya 42 wanalifahamu. Kulungu wa misitu yetu ya Afrika Mashariki ni mnyama mwingine kabisa, kwani pembe zake hazianguki, ilhali dume la ayala mwekundu hudondosha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine.

Wagonjwa wengi huogopa kupanda. Kupanda kunachosha, ndiyo, lakini mtu hupanda kwa mwendo anaoutaka na husimama anapotaka. Hatari kubwa zaidi huja baada ya risasi, wakati dume ambalo hata likishatolewa matumbo huweza kuzidi kilo 70 linapopaswa kuburutwa kwa kamba kwenye matope na mawe. Hapo mikono na miguu hufanya kazi kwa pamoja, mwindaji hubana pumzi bila kujua kila anapovuta, shinikizo la damu hupanda ghafla, na msisimko wa windo huwa bado haujatoka mwilini. Moyo wenye kovu haustahili kupewa mzigo huo kwa kushtukizwa. Kwa hiyo mazoezi yangu ya miezi minane hayakuwa ya kutembea tu: nilianza na matembezi ya tambarare, nikaongeza vilima, kisha nikavuta gurudumu kuukuu la gari kwenye nyasi, hatua ishirini na kupumzika, nikihesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Jambo la pili linahusu mapigo ya moyo. Dawa za kundi la beta-bloka huyazuia yasipande, hivyo saa ya mkononi inaweza kuonyesha mapigo 105 huku mwili ukiwa umekaribia kikomo chake. Ninawafundisha wagonjwa kutumia kipimo cha Gunnar Borg, msomi wa Uswidi, kinachoanzia 6, ambapo mtu hatumii nguvu yoyote, hadi 20, ambapo hawezi kuendelea tena. Mlimani ninabaki kati ya 11 na 13, yaani ninaweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Sentensi ikikatika, ninasimama.

Dawa hizo hizo hubadilisha pia mambo madogo ambayo mwindaji mzoefu hayafikirii. Mtu aliyetambaa na kulala kifudifudi kwenye majani yenye unyevu kwa nusu saa akiinuka kwa haraka hupata kizunguzungu, kwa sababu shinikizo lake la damu hushuka. Basi ni lazima apige magoti kwanza, avute pumzi chache, ndipo asimame, na bunduki iwe imeshaondolewa risasi. Dawa za kuzuia damu kuganda hufanya mkato mdogo wa kisu utoke damu kwa muda mrefu, kwa hiyo glovu ni za lazima wakati wa kutoa matumbo. Dawa ya kupulizia chini ya ulimi hukaa katika mfuko wa kifuani, si ndani ya begi, na hutumiwa mtu akiwa ameketi. Maumivu ya kifua yasipoisha, hupigwa 999, huombwa polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani. Kwa sababu mabonde mengi hayana mtandao wa simu, kwangu kuwinda peke yangu kumekwisha, na sijutii.

Kuhusu majira, ushauri wangu ni kuwinda madume mwezi wa Septemba. Majike huwindwa kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi 15 Februari, na ingawa uzito wao ni mdogo kuliko wa madume, baridi hubana mishipa ya damu na urefu wa mchana wa Desemba hapa hauzidi sana saa saba. Uzito unaweza kuachiwa wengine; giza na baridi haviwezi.

Nilirudi Septemba iliyopita, katika mlima wa Wester Ross, eneo la magharibi ya Nyanda za Juu, pamoja na mwongoza mawindo niliyemweleza hali yangu yote kabla hatujaondoka. Tulipanda kwa saa tatu njia ambayo zamani niliimaliza kwa moja na nusu. Dume lilianguka kwa risasi moja, nami nikapiga magoti nikingoja mikono iache kutetemeka. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kamba. Mwongoza mawindo aliichukua bila kusema neno, akateremka kumleta farasi mdogo wa kijivu wa Nyanda za Juu, na tulipokwisha kulifunga dume juu ya tandiko, alinikabidhi hatamu. Niliteremka mbele ya farasi huyo hadi bondeni, pumzi yake ikinipasha joto begani, nikiwa kwenye 12.