Joto Lipo, Umelimwaga Njiani

"Haya magari hayana hita, fundi. Injini yenyewe haina maji, joto litoke wapi?"

Nimeisikia tena wiki hii kutoka kwa mwenye Porsche 911 ya zamani, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Litoke palepale linapotoka lile linalokuunguza vidole ukigusa eksozi dakika chache baada ya kuwasha! Porsche walitengeneza 911 za kupozwa kwa hewa kuanzia 1964 hadi 1998, wakaziuza kwao Ujerumani, Uswisi, Sweden na kaskazini mwa Marekani, kote huko theluji inashuka kwelikweli. Unadhani wateja wa huko walivumilia miaka yote hiyo wakiendesha na blanketi magotini?

Njia ya hewa nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua. Feni ya injini inavuta hewa. Nyingi inakwenda kupoza silinda, na kiasi kinachepushwa kushuka chini hadi kwenye vipasha-joto viwili, kimoja kila upande. Hivi ni makoti ya bati yanayofunika mabomba ya eksozi. Hewa inapata moto humo, inafika kwenye masanduku ya vilango, inaingia kwenye mabomba yaliyofichwa ndani ya vizingiti vya milango, inatokea mbele miguuni na kwenye kioo. Mkono wa hita (lever) ulio katikati ya viti unavuta kebo, kebo zinafungua vilango. Ukiufunga, hewa ya moto inatupwa nje, chini ya gari. Hamna rejeta ndogo ya hita, hamna pampu, hamna cha kusubiri maji yapate moto, kama kwenye magari yanayopasha kebini kwa maji ya injini. Ndiyo maana mfumo huu ukiwa mzima, 911 inaanza kupasha miguu mapema kuliko magari mengi ya maji.

Sasa lile linalonitia uchungu: feni ya umeme. Mtu akihisi baridi tu, anaingia mtandaoni anaagiza feni ile inayofungwa kwenye maboti, anaibana mahali fulani kwenye hosi, halafu anarudi kulalamika. Feni yenyewe sina ugomvi nayo. Kiwandani nao waliongeza feni za umeme kwenye matoleo ya baadaye, na sababu yao ilikuwa nzuri: feni kubwa inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, kwa hiyo injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, hewa inayokwenda kebini ni kidogo sana. Kwenye foleni feni ya umeme inasaidia. Lakini ukiifunga kwenye njia iliyotoboka unachota maji kwa pakacha. Hewa yote ya ziada uliyoilipia inatokea kwenye matundu.

Tena kuna jambo ambalo watu hawataki kulitenganisha: wingi wa hewa na umoto wa hewa ni matatizo mawili, na dawa zake ni mbili. Weka mkono kwenye tundu la miguuni injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Ukipata hewa ya moto sana lakini inayotoka kwa shida, kama pumzi ya mgonjwa, joto linatengenezwa vizuri na linapotelea njiani. Ukipata upepo mwingi wa vuguvugu, njia ni nzima na tatizo liko kwenye vipasha-joto, au vilango vinafunguka nusu na vinachanganya hewa ya nje. Ukiongeza feni kwenye hali hii ya pili, utazidi kupata upepo wa vuguvugu, kwa sababu hewa inayopita kasi inabeba joto dogo zaidi kwa kila ujazo. Mteja aliyefunga feni mbili akaniambia sasa gari limekuwa baridi zaidi alikuwa anasema kweli. Sikumcheka. Nilicheka baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pandisha gari na uifuate hewa kutoka nyuma kwenda mbele. Mtu mmoja akae ndani avute mkono, wewe ukae chini ukitazama vilango. Hapa ndipo wengi wanadanganyika: mkono wa nje wa sanduku unasogea vizuri, kebo inakaza, unasema "inafanya kazi". Angalia ndani. Kwenye masanduku yaliyoliwa na kutu, kiekseli kinazunguka na kilango chenyewe kimeganda palepale, au ukingo wake umeliwa hadi mwanga unaonekana pembeni hata kikiwa kimefungwa. Kisha angalia hosi. Zile za karatasi na foili zikizeeka, karatasi inamenyeka na kubaki waya peke yake, duara baada ya duara, na kwa mbali bado inaonekana hosi. Ibonyeze kwa kidole, na kidole kikipita, umekwishapata joto lako lilikokwenda. Kulia na kushoto vilinganishwe pia, maana kebo zikitofautiana urefu abiria anaiva na dereva anaganda.

Vizingiti ni habari nyingine, tena ghali. Bomba la ndani likioza, hewa inamwagika ndani ya chuma cha bodi na kukitia moto. Kizingiti chenye moto na miguu ya baridi ni dalili mbaya. Jiandae kuchomelea.

Wale mliotoa vipasha-joto mkafunga mabomba matupu ya michezo kwa ajili ya mlio, hita yenu mliitoa kwa mikono yenu, gari halina kosa. Na hakikisheni tundu la hewa ya hita kwenye upande wa feni limezibwa, la sivyo mnaipunguzia injini hewa ya kupozea.

Wakati wa kununua vipya, nina wasiwasi ambao wauzaji hawautaji. Kinachopasha hewa ni eneo la chuma la bomba lililomo ndani ya koti, pamoja na mapezi au vinundu vyake. Nakala nyingine za bei rahisi humo ndani ni bomba laini tu, na kwa nje koti linafanana na la asili. Mimi huwa nachungulia kwa tochi kwenye mdomo wa hosi, na bado siondoki na uhakika. Kuhusu kufunga hosi kwa kitambaa cha kuzuia joto, wateja wanaapa kwamba tofauti ipo. Mkono wangu hauihisi sana. Huenda wanachohisi ni bili.

Mambo madogo: fungua kidogo kioo kidogo cha nyuma kama chako kinafunguka, kwa sababu kebini iliyozibwa kabisa haina pa kupitishia hewa ya zamani, na ya moto haiingii. Tazama vifuniko vya kuteleza kule miguuni, maana vikifungwa hewa yote inakwenda kwenye kioo. Na shusha gia. Ukitambaa na gia ya tano kwa mizunguko 1,500, utapata hita ya mizunguko 1,500.

Hapa sina utani: koti linazunguka eksozi, kwa hiyo eksozi ikitoboka ndani ya koti, moshi unaletwa moja kwa moja puani kwako. Harufu ya oili iliyoungua mara nyingi ni gasketi za vifuniko vya valvu au mirija ya kurudishia oili, inakera lakini inaonekana. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Weka kifaa cha kuipima ndani ya gari, na kikilia, funga hita, fungua vioo, simama. Usinipigie kuuliza kama unaweza kumalizia safari.

Kwa wenye hita ya kujiendesha, ile yenye kimota kati ya viti kinachovuta kebo badala yako: sensa na kisanduku chake vinazeeka, na wengi wanaanza kubadilisha vipuri vya umeme hapo. Tenganisha kebo kwanza, zivute kwa mkono. Zikiwa nzito, kimota hakina kosa, kimechoka kuvuta kutu.