Tulipanda miche, hatukupanda mikoko

Miaka kadhaa nyuma niliwaongoza wanafunzi wa skuli moja kupanda mikoko ufukweni mwa Ghuba ya Chwaka, Unguja. Maji yalikuwa yamepwa. Tukachomeka mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani, safu kwa safu, tukapiga picha, tukarudi kwetu. Yalipopita maji ya bamvua, yale maji makubwa ya bahari, mara tatu, nilikuta vijiti vichache tu vimesimama. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anapita na dema lake, mtego wa samaki, begani. Akanitazama, akasema: "Hapa pa majani, mwanangu. Mkoko haukai unapotaka wewe."

Na mimi ndiye mtaalamu wa ikolojia!

Kosa langu lilikuwa kuutazama uhai kwa kiwango kimoja. Skuli tunafundishwa viwango hivyo kama ngazi ya kukariri: kiumbe, kundi la spishi moja, jamii, mfumo ikolojia, bayomu, bayosfia. Mwanafunzi anaitaja yote, anapata alama zake, basi. Lakini kila kiwango kina swali lake, na jibu la kimoja halitoshi kwa kingine.

Mche ni kiumbe mmoja. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado imeshikana na mama yake, ndipo ianguke. Mizizi yake huishi kwenye tope lisilo na hewa, kwa hiyo inategemea maji yaje na yaondoke ili ipumue. Pale nilipopanda palikuwa chini mno. Maji yalikaa karibu kutwa. Ndiyo maana mzee alipaita pa majani: ni makao ya majani ya bahari, wanakolisha samaki tasi.

Kundi ni jambo jingine. Chukua kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Miaka ya 1970 wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba. Walifika, waliishi, lakini hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa. Kima unaweza kumbeba kwenye sanduku. Kundi, lenye wazee na watoto wake, wanaozaliwa na wanaokufa, halibebeki.

Juu ya hapo ndiyo jamii, neno ninalolipenda kwa kuwa tunalitumia hata kwa watu wa mtaa mmoja: hawafanani, hawapendani wote, lakini wanategemeana. Ukitoka baharini kwenda nchi kavu mara nyingi unakutana na mlilana kwanza, kisha mkoko, halafu mkandaa, na mchu huko nyuma, zote ni aina za mikoko. Chini yao kaa wanaburura majani yaliyoanguka na kuyaingiza mashimoni mwao. Katikati ya mizizi, samaki wadogo wanajificha wasiliwe.

Tia sasa maji, chumvi, tope na jua, uwe na mfumo ikolojia. Jina hilo lilianzishwa mwaka 1935 na Arthur Tansley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliyeona haina maana kuwatenganisha viumbe na mahali wanapoishi. Mipaka yake lakini ni ya kwetu sisi wachoraji wa ramani. Kima punju wa msitu wa Jozani hula majani ya mikoko, na wale wa mashambani hula ya mti wa mkungu, kisha hutafuna mkaa walioukuta penye tanuri. Inaaminika mkaa hunasa sumu ya majani hayo. Msitu, pwani, shamba na jiko la binadamu, vyote vimo katika tumbo moja.

Kwenye bayomu sikawii: ni aina kubwa za mazingira, kama misitu ya tropiki au jangwa, popote zilipo duniani. Bayosfia ndiyo yote kwa pamoja, na Wazanzibari tunaijua hata bila ya jina lake. Mwaka 1998, na tena 2016, bahari ilipata joto na matumbawe yakageuka meupe. Hakuna mvuvi wa hapa aliyeiwasha bahari moto; joto hilo halikuanzia kwetu.

Mara ya pili nilianza kwa kumuuliza mzee. Akanipeleka nyuma kabisa, penye tuta la zamani lililoziba mkondo, na mchu uliokauka ndani yake. Tulichimba siku nne, maji yakapita. Hatukupanda kitu. Kwenye bamvua zilizofuata mbegu zilielea zikaja zenyewe, nyingine zikanasa topeni. Zile za mchu ndizo zilizotangulia kuota.