Kombaini isiyozama bado inaumiza jaruba

Ukipita kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali, Tanzania, au Mwea, Kenya, msimu wa mavuno utasikia hivi: kombaini (mashine ya kuvunia) ya minyororo ya mpira haizami, kwa hiyo iingize tu hata tope likifika kifundoni. Nusu ni kweli. Minyororo huutandaza uzito, ndiyo maana udongo wa juu hauminywi kama kwa matairi. Lakini uzito wenyewe haupungui, na tangi likijaa mpunga unaongezeka. Mashine ikiwa nzito zaidi, mgandamizo nao hushuka chini zaidi.

Tena jaruba si shamba la mahindi. Chini ya tope lake kuna tabaka gumu linalozuia maji yasipotee, na hilo tunalitaka. Balaa huanza mashine inapokata kona: mnyororo mmoja unachimba, tabaka linaharibika, na msimu ujao pawatila, yaani trekta dogo la mkono, inadidimia palepale huku maji yakivuja.

Toa maji siku 7 hadi 10 kabla ya kuvuna. Kisha chota udongo, uviringishe viganjani. Ukitoka kikamba chembamba kisichokatika, kombaini isubiri barabarani, hata mwenye nayo akinung'unika.