Vitamini hainenepeshi, na karoti haivui mtu miwani

“Mtoto hali, mnunulie vitamini anenepe.” Ushauri huu husikika sana, lakini vitamini haina nguvu wala mafuta ndani yake. Nguvu hutoka kwenye ugali, maharage, karanga, samaki. Kazi ya vitamini za kundi B ni kuusaidia mwili kuitumia nguvu hiyo. Sahani ikiwa tupu, hakuna cha kusaidia. Mtoto aliyeacha kula apimwe malaria na minyoo kwanza, chupa ya vitamini baadaye kama itahitajika.

“Zikizidi hazidhuru, zinatoka na mkojo.” Ni kweli nusu. Ziada ya vitamini C na za kundi B kwa kawaida hutoka hivyo, ndiyo maana anayemeza vidonge vya B hukojoa njano iliyokolea. Vitamini A na D huyeyuka kwenye mafuta na kubaki mwilini. A ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mwaka 1994 watafiti wa Ufini walitangaza matokeo ya kuwapa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, wanaume wavuta sigara: waliovimeza waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wasiovimeza. Wapo wanaonunua vidonge vya vitamini kama peremende. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki hutolewa kila baada ya miezi 6, kwa kipimo cha umri, na si kwa kukadiria.

“Kula karoti uvue miwani.” Asiyeona vizuri usiku kwa kupungukiwa vitamini A, karoti na viazi lishe vitamfaa, hasa vikiliwa na mafuta kidogo. Asiyeona mbali kwa sababu ya umbo la jicho lake atakula gunia zima na miwani ataivaa.

“Vitamini C ni machungwa.” Pera linalishinda chungwa kwa mbali: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, za chungwa kama 50.

“Mboga ichemke sana, na magadi kidogo ilainike.” Hapa ndipo tunapopoteza nyingi, tena bure. Magadi huipa mboga rangi ya kijani ya kupendeza huku yakiharibu vitamini B1 na C. Kuikatakata kisha kuiloweka, kuichemsha mpaka ilegee na kumwaga maji yake ni kumwaga vitamini zilizoyeyuka humo. Mchicha na matembele vioshwe kabla ya kukatwa, vipikwe kwa maji machache, sufuria ifunikwe, dakika chache vimeiva. Kisamvu ni habari nyingine: kina sumu ya asili, kwa hiyo kitwangwe na kichemshwe vya kutosha, hapo hakuna mjadala.

“Chai ya rangi pamoja na chakula haina neno.” Kwa mwenye damu ya kutosha, sawa. Lakini mjamzito, au yeyote aliyeambiwa damu yake ni pungufu, akumbuke kwamba chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Vitamini C hufanya kinyume chake. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula, na mezani pawe na ndimu ya kukamulia maharage, au kachumbari yenye nyanya mbichi.